Nilimjibu Mama, "Nimekusikia"

Admin, jina langu lifiche kabisa, ndugu zangu wawili wanasoma humu kila siku. Mimi ni mwanaume wa miaka 41, nina mke na watoto watatu, naishi Ilemela hapa Mwanza. Nasambaza dawa za mifugo. Mara tatu kwa wiki naendesha gari kwenda Geita na kurudi.

Mama yetu alikuwa anaishi Busisi, jirani na pale kivuko kilipokuwa kinatia nanga. Enzi za kivuko nililalamika mpaka watu wakanichoka. Foleni ilinilia saa mbili, tatu, nikitukana kila kitu. Lakini nikiwa kwenye foleni hiyo nilikuwa nashuka kwa mama, ananipa michembe ya viazi vitamu na karanga, ananisimulia nani kaoa na ng'ombe wa nani kafa, hadi zamu yangu ifike. Daraja la kuvuka ziwa lilipofunguliwa nilishangilia kuliko wote. Nikamwambia, "Mama, sasa nitakuja kila wakati, ni kufumba na kufumbua tu." Tangu siku hiyo nilisimama kwake mara mbili. Safari nyingine zote nilipita nikipiga honi. Muda niliouokoa sijui ulikwenda wapi. Bosi aliniongezea wateja, nikawa na haraka kuliko wakati wa kivuko.

Mama akawa ananipigia nikiwa kazini, nachukia. Nikamnunulia simu kubwa, nikamfundisha kurekodi sauti. "Ongea humo mama, nitasikiliza nikipata nafasi." Sasa mama yangu ni Msukuma wa zamani, hasemi shida kabla hajamaliza salamu. "Mwangaluka, mwanangu. Mmeamkaje huko? Mkeo hajambo? Wajukuu zangu wanasoma? Wakwe zako wazima? Na mvua je, imenyesha?" Dakika tatu nzima ni salamu. Kwake, kuanza na shida ni kukosa adabu hata kama nyumba inaungua. Mimi nikagundua kitufe cha kuharakisha sauti. Nilimsikiliza akienda mbio kama mtangazaji wa mpira, nusu dakika nafunga, naandika, "Sawa mama, nimekusikia." Na nilijiona mtoto mwema, maana wengine hata hawajibu.

Miezi miwili iliyopita mama alianguka jikoni. Kiharusi. Upande wa kulia umelala na maneno hayatoki. Daktari akauliza dawa za presha aliacha lini, tukatazamana. Kisha wote tukamgeukia mdogo wetu wa mwisho, nimwite Kija, aliyekuwa anaishi naye. Alikuwa na kichanga cha wiki mbili mgongoni. Kaka yetu mkubwa alimfokea mbele ya wagonjwa, "Unalala nyumba moja na mama, hujui kama dawa zimeisha?" Kija akalia, "Kaka, nilimuuliza, akasema anazo. Siku zile alikuwa anatoa kigoda anakaa kando ya barabara, nikajua anapunga upepo." Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Kija, hapa umetuangusha."

Wiki iliyopita nilipata hamu ya kuisikia sauti ya mama. Nikaegesha gari Busisi, nikazima injini, nikafungua ujumbe wake wa mwisho mrefu, wa dakika nne, kwa mwendo wake wa kawaida. Salamu zote zikapita. Halafu akasema, "Sasa mwanangu, dawa zangu za presha zimeisha, leo siku ya tatu, na duka la hapa halina. Kichwa kinanigonga. Kija usimwambie, ana kichanga, atahangaika bure. Wewe si unapita? Nishushie tu, hata gari usizime." Chini yake nimeandika, "Sawa mama, nimekusikia." Na chini ya hapo kuna ujumbe wake mwingine, mfupi, ambao sikuwahi kuufungua. Huo hauna salamu. "Asante mwanangu. Basi nakusubiri barabarani."

Baada ya huo ujumbe nilipita pale mara nne kabla hajaanguka. Nilipiga honi. Nilimwona kwenye kigoda akiinuka, nikampungia mkono.

Sasa mama yuko kwangu, anauguzwa. Jumapili ukoo unakaa kikao, na kaka anataka Kija atoke kwenye nyumba ya mama, yeye na mtoto wake. Kija hajui ukweli. Jana kanipigia, "Kaka, wewe ndiye mama alikuwa anaongea naye sana. Kweli hakukwambia kitu?" Nikamwambia niko kwenye mkutano, nitampigia. Mke wangu ndiye pekee anayejua, naye anasema, "Futa hizo sauti. Ukisema, utatengwa wewe, na mama hatapona kwa hilo." Simu ya mama ninayo mimi. Nikifuta, hakuna atakayejua milele.

Leo asubuhi nilikaa naye kitandani. Alinishika kwa mkono wake mzima, akahangaika muda mrefu, midomo inatetemeka, ikatoka "mwa... mwa..." Alikuwa ananisalimia. Nilitoka nje nikalia kama mtoto, kwa sababu salamu ndiyo anaianza, na mimi sijui baada ya salamu alitaka kusema nini.

Ndugu zangu, niende Jumapili nikawasikilizishe wote ile sauti, au ninyamaze nilinde nyumba yangu? Nipeni ushauri, hata uwe mrefu kiasi gani. Nitausoma mpaka mwisho.