Macho ya Mama Yake

Mimi huchora sura za watu hapa Butembo kwa rangi ya mafuta, tabaka juu ya tabaka, kama mafundi wa zamani wa Ulaya. Sura moja hunichukua miezi.

Mfanyabiashara mmoja wa Beni aliniletea picha ya marehemu mama yake kwenye simu. Mama alikuwa ndani ya jeneza, pamba puani. Nikaomba picha nyingine. Hakuwa nayo. Simu ilijaa picha zake mwenyewe: yeye na jeep, yeye na nyumba yake ya ghorofa.

“Papa, umufungule tu macho,” akasema.

Yule mama nilimjua. Aliniuzia maharagwe miaka mingi soko la Beu hapa mjini, na jicho lake moja lilikuwa jeupe kama maziwa.

“Jicho gani lilikuwa halioni?” nikamuuliza.

Akashangaa. Akampigia simu mwanamke anayempikia, akamuuliza yeye, kisha akanigeukia.

“Ni ya kushoto. Lakini utie yote mbili ya muzuri.”

Kwa hasira nikalichora la kushoto jeupe vilevile. Picha imetundikwa sebuleni kwake mwaka wa pili sasa. Juzi amenipigia kunishukuru kwa yale macho mawili mazuri.