Risasi Zisizolia za Wilma Haugen

Tangu Februari Wilma Haugen alikuwa akinywa kahawa yake amesimama, kwa sababu meza ya jikoni ilikuwa imetekwa na bunduki. Mumewe, Orrin, alikuwa akiiunda mwenyewe. Mtutu uliletwa na posta, kitako alikichonga gereji kwa mti wa jozi, na vyuma vya ndani alivikusanya kimoja kimoja, akivifuta na kuvisemesha kwa upole ambao mkewe hakuwahi kuuonja.

Orrin alikuwa na miaka sitini na tisa. Kwa miaka kumi na tisa aliomba kibali cha kuwinda dume la kulungu wa milimani, wale wakubwa kama farasi, katika korongo la juu ya bonde letu, na kila mwaka kura ilipopigwa jina lake halikutoka. Mwaka huo lilitoka. Huku Montana hatuelezani maana ya jambo hilo. Kila mwaka ukikosa unaongezewa pointi moja ya kukusogeza mbele, na siku ukipata pointi zako zote zinafutwa. Ni dume moja, msimu mmoja, basi. Kwa umri wake, Orrin asingefika tena mbele ya foleni hiyo akiwa hai.

Wilma naye alikuwa na lake. Marehemu baba yake, mzee Tollef, alimfundisha kutengeneza risasi akiwa na miaka kumi na miwili, na kwa miaka arobaini bonde zima lilimletea maganda matupu. Aliyasafisha, akatia fataki mpya kitakoni, kile kidonge kinachowasha baruti kikipigwa na pini ya bunduki, akatia baruti, kisha risasi yenyewe, kule chini kwenye chumba cha ghala, redio ikiimba taratibu. Mwisho alizungushia fataki rangi nyekundu ya kucha ili unyevu usiingie. Ndivyo alivyofanya baba yake, ingawa mzee huyo aliona haya kuinunua, akawa anamtuma mkewe. Watu waliziita "kucha za Wilma." Katika bonde ambako mwanamke husifiwa kwa keki yake Jumapili na kusahauliwa Jumatatu, hilo ndilo lililokuwa jina lake.

Bunduki ilikamilika Agosti. Siku ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha Orrin alipiga kumi za Wilma, na tatu zikagoma: tik, kisha kimya. Hakufikiri hata kidogo.

"Fataki mbovu," alisema, akamtupia Wilma zile tatu mezani. "Umezeeka, mama. Mikono inatetemeka."

Wilma aliziokota. Alizipeleka dirishani akazitazama kitakoni. Katikati ya rangi nyekundu kulikuwa na alama ya pini, lakini alama hafifu, kama mtu aliyebonyeza sabuni kwa ukucha. Pini ikipiga sawasawa huacha shimo. Alichukua bunduki kuukuu ya baba yake, inayotumia risasi za saizi ileile, akaenda nyuma ya nyumba akazipiga zote tatu. Zote zililia.

"Orrin, zimelia," alimwambia wakati wa chakula. "Pini yako inagusa tu, haipigi. Ni ile springi uliyoikata. Na ile grisi uliyoijaza humo ndani inazidi kuishika."

Springi aliikata kweli, ili kifyatulio kiwe laini, na alikuwa amejisifu kwa ulaini huo hadi kwa mchungaji.

"Nani amekuuliza?" alisema Orrin bila kuinua macho kwenye sahani. "Hiyo bunduki nimeiunda kwa mikono yangu. Wewe shughulika na rangi yako ya kucha."

Yangeishia hapo ningesema ni ugomvi wa nyumbani tu. Lakini Orrin alichukua mkebe mtupu wa kahawa, akaandika ubavuni ZA WILMA kwa herufi kubwa, na kila risasi iliyogoma akaitia humo. Kila Jumamosi asubuhi aliubeba mpaka mgahawani akauweka kaunta, kati ya mayai na viazi vya kukaanga, akautikisa.

"Sikieni, jamani! Mke wangu amenipikia njegere!"

Wilma alikuwa mlangoni siku moja alipofanya hivyo. Alivua glavu, akasema mbele ya watu wote, "Njooni nyumbani sasa hivi. Tuzipige zote kwa bunduki ya baba, muone."

"Baba yupi?" Orrin aliuliza. "Yule wa vidole vitatu?"

Mzee Tollef alipoteza vidole viwili kwa ajali ya baruti, na kila mtu pale alimjua na alimpenda. Hata hivyo mgahawa mzima uliangua kicheko. Nami nilicheka, sifichi. Wilma alivaa glavu zake, moja kisha nyingine, akatoka.

Wiki ile Dale Pruitt, jirani aliyemletea maganda kwa miaka ishirini, alikuja kuyachukua. "Si kwamba sikuamini, dada," alisema akitazama viatu vyake. Wengine hawakusema hata hilo, walituma wake zao. Kufikia Oktoba rafu za Wilma zilikuwa tupu, na redio kule chini haikuwashwa tena.

Orrin alijaribu risasi za dukani. Nazo ziligoma mbili tatu, akasema siku hizi maduka yanauza takataka. Kisha msimu ukakaribia, zikaadimika, ikabidi arudi kwa mkewe.

"Nitengenezee ishirini. Na safari hii usisinzie."

Alizitengeneza kwa uangalifu wa mtu anayeshona sanda. Orrin akajaribu tano siku ya jua kali, na zote zikalia.

"Unaona? Ukikaripiwa unafanya kazi," alisema kwa furaha, akaongeza grisi.

Wilma aliitazama ile grisi. Redio ya jikoni ilikuwa ikitangaza baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri kuelekea mwisho wa mwezi, na alijua jinsi grisi inavyoganda katika baridi hiyo. Angeweza kusema. Alikwisha kusema mara mbili. Safari hii aliosha kikombe chake akakifuta.

Siku ya mwisho ya msimu walipanda pamoja, kwa kuwa goti la Orrin halikuweza mzigo. Wilma alibeba chakula, na begani bunduki ya baba yake, kwa ajili ya dubu. Saa nane mchana dume likatoka msituni, hatua mia na hamsini, pembe zake pana kama kitanda. Likasimama, likageuza ubavu. Orrin alipiga goti thelujini, mashavu yakimcheza. Nilimjua mtu huyu maisha yangu yote, na nadhani ile ndiyo sekunde pekee aliyokuwa na furaha kamili.

Tik.

Akaitoa, akaingiza nyingine. Tik. Dume liliinua kichwa.

"Wilma," alinong'ona. "Lete ya baba yako. Haraka."

"Ina risasi zangu."

"Lete, mama."

"Mbovu hizi, Orrin. Mikono yangu inatetemeka."

"Nakuomba. Nakuomba, Wilma." Alikuwa ameshanyosha mkono.

Wilma hakuishusha begani. Orrin alijaribu ya tatu: tik. Dume likawatazama kidogo, likatembea zake bila haraka, likazama mitini.

Hapo Wilma alitoa ile ya tatu kwenye bunduki ya Orrin, akainama kuokota mbili zilizokuwa thelujini, akazipangusa kwa shali. Akaziingiza kwenye bunduki ya mzee wa vidole vitatu, akalenga kisiki kikavu. Ya kwanza ililia, na ya pili, na ya tatu. Korongo lote lilitikisika, na kundi zima la kulungu likavuka mgongo wa mlima upande ambao kibali cha Orrin hakikufika. Orrin alikaa thelujini akalia kwa sauti, bila kujificha. Wilma alimtilia maganda matatu ya moto kiganjani.

"Haya. Kayatie mkebeni."

Habari zilifika mgahawani kabla yao, maana wawindaji wa ukingo wa pili wa korongo walikuwa wameona yote kwa darubini. Dale Pruitt alirudi na sanduku la maganda na keki ya tufaha kutoka kwa mkewe. Wilma alipokea keki, akafunga mlango. Hajamtengenezea mtu risasi tangu siku hiyo, na wengi wetu tunastahili adhabu hiyo.

Machi fomu za vibali zilikuja kwa posta. Siku zote ni Wilma aliyezijaza, maana Orrin haoni tena maandishi madogo. Alikaa kwenye meza yake ya jikoni, kahawa pembeni, akaandika jina la mumewe, na umri, miaka sabini. Kwenye nafasi ya pointi aliandika sifuri, akaipitishia kalamu mara ya pili ili aione vizuri, akamsogezea atie sahihi.