Mbao ya Kubeba Batu Babili

Ile wakati ya kufukuza bandugu zetu ba Kasai barudie kwabo na treni, ku soko ya Manika kila mutu alitafuta tu mbao nyepesi, ya kupigia masanduku ya mizigo. Njo nikaona tata moja Mukasai na bibi yake, mama wa kwetu huku. Tata alikuwa anaenda, bibi anabakia na nyumba.

Tata akasema: "Mi nataka mbao ya nene. Mapoutre, ile miti ya kubeba sakafu ya chumba ya juu, nilishaweka, inabakia kutandika mbao."

Muuzishaji akacheka. "Tata, kesho weye uko mu treni! Kamata hii nyembamba. Mama atalala peke yake, itamubeba."

Tata akageuza mbao moja moja: ya mafundo anaacha, ya mubichi anaacha. Akatandika moja ya mukavu juu ya mapoutre mbili ya muuzishaji, na nafasi katikati sawa ile ya mu nyumba yake.

"Mama, panda." Bibi akapanda. Kiisha tata akaniangalia miye, na huu mwili wangu munene!

"Yaya, na weye panda."

"Miye? Unataka niivunje?"

"Panda tu. Inapashwa kubeba batu babili."

Nikapanda. Bibi akanishika mukono. Mbao ikalia kidogo, haikupinda.

"Ni hii," tata akasema. Muuzishaji hakucheka tena.

Batu bananiuliza kama kweli ule tata atarudia kwa bibi yake. Mi ninacheka: fasi yake pa ile mbao niliipima miye. Kama ilinibeba, itamubeba yeye na mizigo yake yote!