Maiki Haiwaki Mpaka Useme ya Mwenzako

Kabla hajawa mtu wa chuo, Mzee Swichi alikuwa fundi redio, tena fundi kwelikweli, ila alikuwa na tabia moja iliyowachosha wateja. Huwezi kumwachia redio ukaenda zako. Ukishamweleza ugonjwa wake, anakurudishia maneno yako: "Kwa hiyo unasema ukiongeza sauti inakoroma, ukipunguza inatulia. Ndivyo?" Ukisema sivyo, anaanza upya. Bisibisi haishikwi mpaka mwenye redio aseme "ndivyo." Funzo hilo alilipata siku alipofumua redio nzima ya jirani yake na kubadilisha spika, kumbe jirani kaileta iungwe mkono wa kubebea tu.

Watu walipohamia kwenye simu na redio zikaisha mtaani, akapata kazi ya kuendesha mitambo ya sauti katika ukumbi wa chuo. Kibanda chake kilikuwa nyuma kabisa ya viti, cha mbao na kioo, kina stuli moja, feni inayolia, na mashine yenye swichi kumi na mbili. Swichi ya nne ilikuwa ya kipaza sauti cha kushoto, ya tano cha kulia. Hapo alikaa miaka kumi na mmoja, na hapo ndipo wanafunzi walipombatiza jina. Nyumbani mkewe alimwita Baba Pacha, na hilo la chuoni hakulitaka hata kulisikia. "Mtu mzima anaitwa swichi, na wewe unaitika!"

Sasa, midahalo ya wanafunzi ilifanyika kila Ijumaa alasiri, na tusidanganyane, ilikuwa vurugu tupu. Huyu anaongelea mashariki, yule anamjibu magharibi, na ukumbi unapiga makofi kwa mwenye sauti kubwa. Ijumaa moja walijadili saa ya kufunga mageti ya mabweni. Vijana wawili wakashikana mashati, kiti kikaruka, na kijana wa tatu, aliyekuwa kakaa zake kimya, akapoteza jino. Mkuu wa chuo akautia ukumbi kufuli muhula mzima.

Viongozi wa wanafunzi walipokwenda ofisini kuomba msamaha, Mzee Swichi alikuwa humo humo, kapiga magoti chini ya meza anaunganisha waya. Mdomo ukamshinda. "Mkuu, hawa wanapigania maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Nikabidhi mimi jambo hili." Akaeleza dawa yake ya redio. Anayetaka kumjibu mwenzake atasema kwanza hoja ya huyo mwenzake, kwa mdomo mtupu, bila maiki. Mwenyewe akiridhika atasema "ndivyo." Asiporidhika atasema "bado." Swichi haipandi mpaka "ndivyo" isikike.

Mkuu alimtazama mtu huyu aliyetoka uvunguni na vumbi magotini. "Haya. Lakini siku nikisikia tena ugomvi, nafunga, na safari hiyo sifungui."

Weee! Wiki za mwanzo walimsema mpaka basi. Bingwa mmoja wa makelele aliambiwa "bado" mara nane. Alipoipata "ndivyo" yake, alishika maiki, akakohoa, akakuta kasahau alichotaka kusema, akarudi kukaa. Ukumbi ulicheka mpaka watu wakashika mbavu. Lakini taratibu wakazoea, na miaka miwili ikapita bila jino lolote kung'oka.

Ndipo hoja moja ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Wanafunzi wapendekeze kwa uongozi kwamba mitambo ya ukumbi iendeshwe na wanafunzi wenyewe, na nafasi ya ajira ya fundi ihamishiwe maktaba. Mzee Swichi aliisoma mara mbili. Alibakiza miaka mitatu astaafu, na pacha wake walikuwa bado shule.

Alimweleza mkewe akiwa hajavua hata viatu. Mkewe akaweka pembeni nguo aliyokuwa anaikunja.

"Kwa hiyo unasema hao watoto wanataka kukuondoa kazini. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Na wewe ndiye utakayewawashia maiki waseme hayo."

"Ndivyo."

Mkewe akasonya. "Mkuki kwa nguruwe mtamu, Baba Pacha. Ngoja tukuone."

Ijumaa hiyo ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye milango. Mtetezi wa hoja alikuwa binti wa mwaka wa tatu wa sheria, mwembamba, asiyecheka ovyo, ambaye wenzake walimwita Wakili. Alianza na maktaba, akaeleza vizuri. Kisha akasema, "Na kazi ya kupandisha na kushusha swichi, jamani, hata mimi naiweza."

Watu wakacheka. Damu ikampanda Mzee Swichi kichwani. Miaka kumi na mmoja! Kidole chake kilishuka kwenye swichi ya tano, na kule mbele Wakili akabaki anachezesha midomo bila sauti.

"Kamkata! Mzee kamkata!" mmoja akapiga kelele. "Aibu!" "Mwacheni mzee wa watu!" Viti vikaburuzwa, vijana wakasimama, wakaelekezeana vidole machoni. Mlangoni akatokea mkuu wa chuo, na mkononi ana lile kufuli.

Mzee Swichi aliliona kufuli, na hapo hasira ikageuka aibu. Sheria yake mwenyewe, na wa kwanza kuivunja ni yeye. Alitoka kibandani akashuka katikati ya viti mpaka mbele, akasimama karibu na yule binti. Kelele zikapungua, maana kila mtu alitaka kusikia atasema nini.

"Mwanangu, nimekosa. Nimekukata kabla sijakusikia. Niruhusu niseme maneno yako."

Wakili akajibu kwa hasira, "Sema, mzee."

"Unasema kazi yangu ni ya bure."

"Bado."

"Unasema nimezeeka, niondoke."

"Sijasema hivyo kabisa. Bado."

Akafumba macho, kama alivyozoea zamani akisikiliza redio inayokoroma, akayarudia maneno ya binti moja baada ya jingine, hata yale yaliyomkereketa.

"Unasema maktaba inafungwa Ijumaa jioni mpaka Jumatatu kwa kukosa mtu. Wapo wanaolala wanane chumba kimoja, hawana pa kusomea, na mitihani haiwasubiri. Chuo hakiwezi kuongeza ajira. Mitambo hii wanafunzi wanaweza kufundishwa wakapeana zamu, lakini maktaba inataka mtu aliyeisomea. Kwa hiyo nafasi iende huko, ingawa aliyeikalia hana kosa."

Wakili alizihesabu hoja zake kwa vidole.

"Hilo la mwisho sikulisema."

"Basi nilifute."

"Usilifute, mzee. Ndivyo."

Kisha akampa ile maiki, na mwanafunzi mmoja akakimbia kibandani kuiwasha. Mzee Swichi kwenye maiki hakuwahi kusema kitu zaidi ya "moja, mbili, moja, mbili." Alisema maneno machache: ana miaka mitatu tu mbele, ana watoto wawili shule, na fundi redio siku hizi haajiriwi na mtu. Wakili akayarudia yote, bila kuongeza wala kupunguza. Alipofika kwenye watoto sauti yake ilipungua. "Ndivyo?" akauliza.

"Ndivyo," alisema Mzee Swichi.

Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono. Hoja ilipita, kwa tofauti ya mikono saba. Mkuu wa chuo alilitia kufuli mfukoni, akaondoka. Mwisho wa muhula uongozi ukakubali pendekezo.

Iliuma, na hakuficha. Hata hivyo aliwafundisha wanafunzi watatu swichi zote kumi na mbili, na aliyeshika upesi kuliko wote alikuwa Wakili. Kisha akaweka meza ya kutengeneza simu na spika nje ya geti la chuo. Siku nyingine wateja walikuwepo, siku nyingine alikaa anafuta vumbi kwenye bisibisi. Jumamosi aliwaona wanafunzi wakipita na madaftari kwenda maktaba.

Ijumaa moja alifunga meza mapema, akaingia ukumbini, akakaa kiti cha safu ya sita. Kijana wa mwaka wa kwanza alikuwa anasema kwamba vyuo vifundishe kazi za vitabu tu, za mikono watu wajifunzie mitaani. Mzee Swichi alishindwa kujizuia. Aliinua mkono, akaenda mbele, akashika maiki na kufungua mdomo.

Maiki ilikuwa imekufa.

Akageuka kutazama kibanda. Nyuma ya kioo, Wakili alikuwa kakalia ile stuli, kidole kwenye swichi ya tano, na kwa mkono wa pili anamnyooshea kidole yule kijana. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akaishusha maiki, akamgeukia kijana.

"Kwa hiyo unasema fundi hahitaji kusoma."

"Bado, mzee," kijana akasema.

Mzee Swichi akaanza upya.