Panya wa Jikoni kwa Dada

Mtaani walimwita Mama Paka, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukamata panya. Alikuwa mjane wa makamo, mpole, mwenye mkono usiotetemeka. Mgodi wa urani wa jirani ulipofungwa na wanaume wakabaki kukaa vibarazani, yeye ndiye aliyepata kibarua. Mtafiti mmoja alitaka panya wa kwenye vilima vya mchanga ulioachwa na mgodi, ajue kama sumu na mionzi vimewaingia mwilini.

"Panya haendi mbali na shimo lake," mtafiti alimweleza. "Akiugua, ujue ardhi yake ndiyo inayoumwa."

Basi kila asubuhi Mama Paka aliingia ndani ya uzio wa vilima hivyo na buti, glovu na kipimo cha mionzi kilicholia kama mtu anayetafuna mchele mbichi. Kazi aliizoea. Panya wenyewe ndio waliomshinda. Hawakukimbia. Alipofungua mtego wa bati walibaki wamekaa, wakimtazama kama wenyeji wanaosubiri mgeni aseme shida yake. Na kote vilimani hakukusikika ndege wala nzige.

Ikafika siku mtafiti akahitaji panya wasioguswa na mgodi, awalinganishe na wale. Mama Paka akatega jikoni kwa dada yake, ng'ambo ya mto.

"Kazi yako umeileta mpaka kwenye sufuria zangu, mdogo wangu?" dada alimtania.

"Panya wako wamenenepa kukushinda, dada. Acha nikupunguzie."

Asubuhi alimkuta mmoja mtegoni. Ametulia tuli, anamtazama kama wale wa vilimani. Akawasha kipimo, kikaanza kutafuna. Akautoa mtego nje, akarudi, kipimo hakikunyamaza. Alipokishusha sakafuni, pale mjukuu wa dada alipokuwa akitambaa, mlio ukawa mmoja, mrefu, bila pumzi.

Alimnyakua mtoto.

"Dada, marehemu shemeji alipata wapi mchanga wa sakafu hii?"

"Si kule kule kazini? Walikuwa wanagawa bure. Mlaini, hauna hata kokoto." Dada akacheka kidogo, kisha akaacha. "Mtaa mzima tulichukua."

Mtafiti alikuja siku hiyo hiyo. Katika nyumba kumi na tisa kipimo kililia. Wakubwa walizungushana miezi minane, huyu akimtupia yule mpira, mpaka sakafu zikabomolewa na watu wakahamishwa. Mtoto alionekana mzima, ila kila baada ya miezi sita hurudishwa kupimwa, na hakuna daktari anayekubali kusema mpaka lini.

Sasa dada anaishi kwa Mama Paka, katika chumba kimoja kilichopimwa mara tatu. Haamini. Havui viatu, hata akipanda kitandani. Mchana akipitiwa na usingizi kitini, mdogo wake humfungua kamba za viatu taratibu, akamvua na kumpangusa nyayo kwa kitambaa chenye maji. Akiamka, dada huinua miguu upesi kutoka sakafuni, kabla hajakumbuka yuko wapi.