Arlene na Mfuko wa Pini Bandia

Siku za wiki Arlene Stubblefield aliendesha basi la shule huko Kissimmee, Florida, na watoto wote wa njia yake walimwita Bi Arlene. Jumamosi hakuwa dereva wa mtu. Alikwenda Pelham, bustani ya burudani iliyo nje kidogo ya mji, akaketi kwenye benchi lake mbele ya duka la kofia na chupa ya chai ya barafu, akafungua faili lake nene lenye kurasa za kitambaa. Kila ukurasa ulikuwa umechomekwa pini: vibeji vidogo vya chuma vilivyotiwa rangi, mwiba nyuma na kizibo cha mpira, vyenye sura za wanyama wa Pelham. Fisi-maji mwenye kofia, korongo, kobe mla keki. Mumewe alikuwa amefariki zamani, watoto hawakujaaliwa, na pini zilimpa watu wa kuzungumza nao.

Hapo kwenye mabenchi watu wazima na akili zao walibadilishana pini tangu milango ifunguliwe, na walikuwa na adabu zao. Pini kwa pini, pesa haitajwi. Mtoto hapunjwi. Na pini inayoning'inia kwenye utepe wa shingoni mwa mtu huigusi. Unaomba, naye akipenda anakuvulia uitazame. Wageni wengi hawakulijua hilo. Arlene alikuwa amezoea vidole vya watu wasiomjua vikimjia kifuani kama kuku wanaodonoa.

Garth Lindqvist hakudonoa. Siku ya kwanza alipofika mbele ya benchi, mwanamume mrefu, mwekundu wa jua, mwenye kaptura mwezi wa Februari watu wengine wakiwa na sweta, alinyoosha mkono, akaurudisha, akaifunga mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

"Samahani, mama," alisema. "Naruhusiwa kumtazama huyo korongo?"

"Umefundishwa na nani?"

"Na mama yangu. Kwetu hata mlango wa friji unaombwa."

Arlene akacheka, akamvulia korongo.

Tangu hapo alikuja kila Februari kwa wiki moja. Kwao, mji mdogo karibu na Duluth, kaskazini kabisa mwa Marekani, aliendesha gari la kusukuma theluji barabarani, na alimtunza mama yake aliyekuwa akipotewa na kumbukumbu. Wiki hiyo moja kaka yake alishika zamu. Siku zote za wiki aliketi benchini na Arlene, wakabadilishana pini moja hapa, moja pale, wakala njugu za kuchemsha, akamsimulia jinsi theluji inavyonyamazisha mji mpaka unasikia pumzi yako. Arlene alimsimulia watoto wa basini. Jioni ya mwisho waliagana kwa kushikana mikono. Halafu ulibaki mwaka mzima. Arlene akiendesha basi lake tupu alfajiri alijikuta anapanga atakachomwambia, na Septemba haijaisha.

Arlene hakumwomba chochote. Wala Garth hakumwomba yeye. Arlene aliona kwamba mwanamume akitaka kitu atasema, na asiposema hataki. Akangoja.

Mwaka wa sita Garth alifika na mfuko wa kitambaa uliojaa. Uso wake ulikuwa uking'aa kama wa mtoto aliyeficha zawadi.

"Kila mwaka nakuja na vitu vya kuokoteza, nawe unanibadilishia kwa huruma," alisema. "Safari hii nimezikusanya mtandaoni msimu mzima wa baridi. Chagua wewe kwanza, kabla Nadine hajafika."

Akazimwaga kwenye taulo. Arlene alichukua moja, akaigeuza. Rangi ilikuwa imetitia chini ya ukingo wa chuma, na chapa ya nyuma ilikatika kabla ya kufika pembeni. Akachukua ya pili, na ya tatu. Zote zilikuwa bandia. Zile ambazo hazikuwa na kasoro ya rangi zilikuwa nyepesi kama maganda.

Alimtazama Garth. Alikuwa akisubiri, mikono nyuma.

Nadine Prouty, mkali wa mabenchi yote, alikuwa tayari akionekana langoni akivuta kigari chake cha pini. Nadine alikuwa na jicho la sonara na ulimi wa wembe. Mwaka uliopita alikuwa amemsimamisha mtu mmoja mbele ya umati akamsomea pini zake bandia moja moja, na mtu yule hakuonekana tena Pelham.

"Nazitaka zote," Arlene alisema.

"Zote?"

"Una masikio mazito? Fungua faili, chukua zako. Haraka, Nadine anakuja na roho yake ya kunguru."

Garth akachagua, akisitasita kila mara, na kila alipositasita Arlene akamchomolea mwenyewe. Alitoa korongo wa fedha, alitoa kobe wa mwaka wa ufunguzi aliyemtafuta kwa miaka. Kurasa zikabaki na matundu matupu. Nadine alipofika, bandia zilikuwa zimeshaingia kwenye mkoba wa Arlene, na Garth alikuwa akiwagawia watu wote njugu kwa furaha.

Wiki ile ilikuwa nzuri kuliko zote. Siku ya kuondoka aliushika mkono wa Arlene muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akafungua mdomo, kisha akasema ndege haingoji mtu.

Jumamosi iliyofuata Nadine aliufungua mkoba ule bila hodi.

"Shoga, hizi ni nini?"

"Pini."

"Hizi ni takataka. Ulijua?"

"Nilijua."

Nadine akatazama njia aliyoondokea Garth, akalitazama faili. "Mungu wangu, Arlene. Kwa ajili ya mtu wa theluji."

Wapo ambao wangezipeleka kwa wafanyakazi wa bustani, ambao hawaruhusiwi kumkatalia mgeni kubadilisha, au wangewasukumia watoto. Arlene hakufanya hivyo, alibaki nazo. Lakini mkoba ulikuwa umeonekana, na neno likatembea kwamba Bi Arlene siku hizi ana feki. Watu wakaanza kuketi mabenchi ya mbali. Aliyebaki kuketi naye ni Nadine, akimsuta tangu asubuhi mpaka jioni.

Februari ikaja. Garth hakuja. Arlene aliketi siku zote za ile wiki, njugu zikapoa kwenye karatasi, na kila kaptura iliyopita langoni ilimrusha moyo. Siku ya mwisho Nadine akasema, kwa sauti ya chini isiyo yake, "Mpigie simu, mwanamke."

"Sina namba. Na kama angetaka..."

"Kama angetaka, kama angetaka. Nani anataka hapa, yeye au wewe?"

Arlene alikaa na neno hilo Jumapili nzima. Jumatatu, mapumziko ya mchana, akiwa kwenye kiti cha basi lake, alipiga simu kwenye karakana ya magari ya theluji ya mji ule. Aliyepokea alipiga kelele mbali na simu: "Garth! Mwanamke! Anasema Florida!"

Zikasikika hatua za mabuti.

"Ulijua kwamba ni bandia," Garth alisema, bila hata salamu. "Nilikuwa nanunua nyingine kwa muuzaji yule yule, jamaa mmoja akaziona akanicheka. Uso wangu ningeuweka wapi, Arlene? Ulinihurumia mbele ya watu."

"Sikukuhurumia."

"Basi ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nataka ukae benchini mpaka jioni."

Alisikia mtu akigonga chuma huko nyuma, na pumzi ya Garth.

"Naomba nije kukuona," Arlene akasema.

"Huku ni baridi."

"Sijauliza hali ya hewa."

Garth alicheka, kicheko kikakatika katikati. "Mama hanitambui hata mimi. Mtu mgeni akiingia ndani analia siku nzima. Siwezi kumfanyia hivyo, na siwezi kumwacha. Sijui itakuwa mpaka lini, na kuombea iishe ni dhambi. Ila ningependa uje. Nimependa tangu yule korongo. Nilidhani mtu kama wewe tayari ana mwenzi wake."

Ikawa Garth anapiga simu kila Jumapili, mama yake akishalala mchana. Wakati mwingine hawakusema mengi. Arlene aliweka simu mezani, akakaanga samaki wake, naye Garth akasikiliza mafuta.

Mwezi wa Oktoba, kwenye duka la mitumba la kanisa, Arlene alikuta koti zito la sufu ambalo bila shaka lilikuja Florida na mtu aliyehamia kutoka kaskazini. Nje joto lilikuwa la kuyeyusha lami. Alilivaa palepale, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, jasho likamtiririka mgongoni. Mabegani lilimbana kidogo. Akalichukua hivyo hivyo, akalitundika nyuma ya mlango wa chumbani, lingoje safari ya kwao Garth.