Wimbo Huu ni wa Nani?

Juzi nilikuwa kwenye benchi la mahakama hapa Kigoma, nikisubiri kiapo changu kigongwe muhuri. Pembeni yangu wakili alimnong'oneza bibi wa Ujiji, mtunzi wa nyimbo za harusi. Wakili huyo tulimzoea kwa kesi za wafanyabiashara, siku hizi anawatetea na wasanii. Kampuni ya sabuni ilikuwa imeutia wimbo wa bibi kwenye tangazo la redio bila kumwomba ruhusa.

"Bibi, ukiulizwa wimbo ni wa nani, utasemaje?"

"Wetu."

Wakili akajifuta jasho kwa tai. "Watakuuliza ninyi nani, na kesi imekwisha. Nani aliutunga?"

"Mimi peke yangu, nikianika dagaa."

"Basi sema wangu."

"Mwanangu, mbele za watu? Mtaani kwetu Rusimbi watasema nina majivuno."

Wakili akamrudisha kwenye neno hilo mara tatu. Wakaitwa. Mlango ulibaki wazi, nikasahau habari ya muhuri.

"Wimbo huu ni wa nani?" hakimu akauliza.

Bibi akamtazama wakili wake. Vidole vya wakili vikaibana kalamu.

"Wangu," bibi akasema. Wakili akashusha pumzi. Kisha bibi akainamisha kichwa kwa adabu: "Samahani, mheshimiwa. Ni wetu, ila wakili kanikataza kusema."

Watu wakacheka. Mimi sikuweza.

Ikafika zamu ya mtu wa kampuni. Akafunga kifungo cha koti, akasema bila kumeza mate, "Wimbo huo ni wetu."

Sikusikia mtu akimuuliza ninyi nani.